Mafuta ya Kipupwe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sijawahi kuficha. Mama yangu alikuwa akiniambia hasira hasara, nami nikimjibu kwamba hasara nimeshaipata, basi niachiwe hasira yangu nistarehe nayo. Lakini hasira ninayotaka kuieleza hapa haikuwa ya karibu. Ilikaa miaka minane. Niliipeleka kazini na kuirudisha nyumbani kwa treni kila siku, nikidhani imeshakufa, mpaka mwaka huu mwezi wa Julai watu walipoanza kupokezana chupa ya mafuta ya kuogea na kuinusa huku wamefumba macho.

Niseme kwanza kazi yangu. Niko kwenye nyumba ya kutunzia wazee karibu na Lidcombe, hapa Sydney. Nawaogesha, nawavisha, nawalisha wasioweza kushika kijiko. Ni kazi ya kuwa karibu na miili ya watu, na watu nao wanakuwa karibu na mwili wako. Nilipoanza nilikuwa bado natoka nyumbani kama nilivyolelewa Tanga. Jumapili nafua sare zangu, nazianika, halafu nazitandaza juu ya tenga lililopinduliwa, na chini yake naweka chetezo chenye kaa la moto, udi na ubani, moshi upande uingie kwenye nguo. Nywele napaka mafuta ya nazi niliyoyachemsha na karafuu. Sikuwa najipamba. Kwangu hiyo ilikuwa sehemu ya kuoga, kama vile mtu anavyopiga mswaki.

Sikumaliza mwaka. Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango, akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mimi ni mchapakazi, wazee wananipenda, wenzangu wananisifu. Nikajua kuna kitu kinakuja, na kikaja. Familia ya mzee mmoja imelalamika kuhusu harufu yangu.

"It's a bit strong," akasema. "A bit spicy." Akanieleza kwamba pale wanapendelea mfanyakazi asiwe na harufu yoyote.

Angeniambia kuna mzee mwenye pumu ningemwelewa palepale, maana mdogo wangu ana pumu na najua mtu anavyohangaika kutafuta pumzi. Hakusema pumu. Alisema viungo, kana kwamba nimeingia kazini na sufuria la pilau kichwani. Na mimi, mwenye mdomo ambao mawifi zangu wote wanaujua, nilijibu nini? Nilisema "sorry". Nilisema mara mbili.

Tangu siku hiyo nikawa naoga kwa sabuni isiyo na harufu, ile ya wenye magonjwa ya ngozi. Nywele nikapaka mafuta yasiyonukia kitu. Chetezo nikakipandisha juu ya kabati na sikukishusha tena. Binti yangu alikuwa na miaka sita wakati huo. Nikajizoesha. Mtu huzoea hata kiatu kinachobana, kwa sababu mwishowe mguu hufa ganzi.

Sasa tuje Julai. Watu wa hapa Krismasi yao huwakuta katikati ya joto la Desemba, wamevaa kaptura na jasho linawatiririka, na jambo hilo haliwaridhishi. Kwa hiyo katikati ya mwaka, baridi ikishika, wanafanya Krismasi nyingine ya kujifurahisha, yenye supu, kofia za sufu na theluji ya pamba madirishani. Mimi nimeshaacha kushangaa. Kazini kila mtu huleta zawadi iliyofungwa bila jina, zikarundikwa mezani kwenye chumba cha chai, ukavuta namba ukachukua yako. Mwaka jana nilipata soksi. Mwaka huu nikapata chupa.

Ilikuwa chupa nzito ya kioo, karatasi yake ina picha ya miti ya Krismasi na theluji, na maandishi yanayosema haya ni mafuta ya kuogea yenye harufu ya majira ya baridi. Mwenzangu mmoja akaomba anuse. Alipofungua kizibo, mimi bado nimeshika sahani ya biskuti, nilijua. Karafuu. Mdalasini. Ganda la chungwa. Na nyuma yake, kwa mbali, ubani. Kulikuwa na mtu mahali fulani aliyekitia chumba cha mama yangu kwenye chupa, halafu akabandika theluji juu yake.

Chupa ikazunguka. Mmoja akasema "lovely", mwingine akasema "heavenly". Ikamfikia meneja, yuleyule, ameongeza mvi tu. Akafumba macho, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"That's winter, that is," akasema.

Nikamwuliza, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida, kama haoni ni kali kidogo. "Not too strong?"

"No, darl. It's perfect."

Nilimwangalia usoni nikitafuta aibu. Sikuiona. Nikatafuta basi hata kumbukumbu, nayo haikuwepo. Alikuwa amesahau. Mimi nimebadilisha ngozi yangu miaka minane kwa sababu ya sentensi zake mbili, na yeye amezisahau kama mtu anavyosahau alikula nini Jumanne. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Karafuu ikiwa kichwani kwangu inaitiwa kikao, ikiwa ndani ya chupa yenye theluji wanafumba macho kuinusa. Nilitamani kuirusha ile chupa ukutani, mbele yao wote, na nakiri kwamba kilichonizuia ni kujua nani angeambiwa asugue ukuta.

Mwenzangu Mkongo, mama wa Bukavu ambaye tunafanya zamu moja, aliona nilivyoikodolea macho ile chupa. Akanivuta pembeni kwenye sinki.

"Mama, usikasirike, ni cadeau, zawadi tu," akaninong'oneza. "Hiyo mafuta iko na harufu muzuri. Enda nayo ku nyumba, ujipake, ulale."

"Siyataki."

"Basi unipatie miye."

Sikumpa pia. Hasira ina choyo.

Zamu ikaisha saa tisa mchana. Kwenye treni niliipakata chupa mapajani. Nilimtukana meneja kimoyomoyo kutoka Lidcombe mpaka Granville, nikapumzika kidogo, nikaendelea. Treni ilipofika Merrylands nilikuwa nimeshaamua: sitayatupa, nitayajaribu. Nitaoga kama wanavyooga wao, nijue hiyo raha ina nini mpaka karafuu yangu ilipe nauli ya kwenda kwenye theluji ndipo ikubalike. Guildford nikashuka natembea kwa kishindo, na upepo wa Julai unanikata masikio.

Nyumba yetu ni ya matofali mekundu na ni baridi kuliko nje. Wajenzi wa Sydney walijenga kana kwamba kipupwe ni uvumi. Bafuni tuna lile hodhi refu la kulalia ambalo tangu tuhamie halijawahi kulaliwa na mtu. Sisi tunaoga kwa bomba la mvua, na kopo liko pembeni. Hodhi ni la kulowekea mablanketi na kuwekea vitu. Nikatoa feni ya kiangazi, nikatoa ndoo mbili na kigoda, nikalisugua, nikafungulia maji ya moto. Karatasi ya chupa ilisema matone machache. Nikamimina nusu chupa, maana kwetu mafuta hayatiwi kwa matone, kisha nikaingia.

Dakika mbili za kwanza nilipenda, sitasema uongo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mei miguu yangu kupata joto. Dakika ya tatu nikaanza kujiuliza: sasa? Hakuna kinachotiririka. Uchafu ulionitoka unaelea kando yangu unanitazama. Mafuta yamepanda juu yametanda kama mchuzi, na mimi ndani yake nimekuwa kuku. Ndiyo raha hiyo? Watu wanawasha na mishumaa kabisa, wakae wajichemshe kwenye taka zao wenyewe?

Halafu mvuke ukapanda na ile harufu ikanishika vizuri, na nikawa msichana niliyefungiwa ndani. Kabla ya harusi yangu mama na somo wangu, mwanamke aliyenifunda, waliniweka chumbani siku saba, na kila jioni wakanisugua singo: karafuu, mdalasini, maganda ya machungwa yaliyokaushwa, liwa, mawaridi, vyote vimetwangwa na kukandwa kwa marashi. Mama hakuwa na mkono mwepesi. Nilipolalamika aliniambia ngozi haibembelezwi. Alisema mwanamke anatakiwa afike kabla hajaingia, watu wageuke waulize ni nani anakuja. Nilipotoka mle ndani nilijiona naweza kumwangalia mtu yeyote machoni.

Nilitegemea kukumbuka hayo kutanifariji, maana mama ameshafariki. Hakukunifariji. Nilikasirika upya. Nilimkasirikia meneja, na ile familia ambayo sikuwahi kuijua, na aliyechora ile theluji, na mama mwenyewe kwa kunifundisha kuwa nitapokelewa. Nikalia kwa hasira, na hicho ni kilio kibaya kwa sababu hakipozi kitu.

Kutoka ndani ya hodhi ndipo nilipojua kwa nini walisema matone. Mguu uliteleza, nikadaka pazia, pazia na fimbo yake vikaniangukia kichwani. Nilitukana Kiswahili cha Tanga ambacho sikuwa nimekitumia siku nyingi. Kisha nikasimama, nikachukua kopo, nikajimwagia maji safi kuanzia utosini, kwa sababu kuoga ni maji yapite. Nilipojikausha nikamimina mafuta yaliyobaki kiganjani, nikajipaka mwili mzima, miguu mpaka shingo, kama mafuta yanavyotumiwa na watu wenye akili.

Nikasikia mlango unagongwa. Ni binti yangu, amerudi shuleni, amesikia kishindo cha fimbo. Sasa ana miaka kumi na nne. Kiswahili anakielewa chote mpaka matusi, ila jibu hutoka kwa Kiingereza.

"Mum? You okay?" Na kabla sijajibu: "Oh my God, what's that smell? It's so good!"

Nilidhani nimemaliza kukasirika kwa siku moja. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nikajifunga khanga, nikafungua mlango. Akaingia, akachukua chupa, akaiweka puani na kufumba macho, vilevile kama wale wa chumba cha chai.

"Hiyo ndiyo harufu ya bibi yako," nikamwambia.

Akasoma karatasi. "It says winter, Mum."

"Najua inasema nini. Ni karafuu hiyo, na mdalasini. Bibi yako alinisugua nayo siku saba."

"Bibi didn't even have winter," akasema, akacheka.

Nikampandishia sauti. Maneno niliyokuwa nimeyapanga kwenye treni kwa ajili ya meneja yote yakamwangukia yeye: kwamba hajui alikotoka, kwamba anaamini karatasi kuliko mama yake, kwamba kitu cha kwao hakitaki mpaka mzungu akiweke kwenye kioo. Nilisema mpaka nikakosa pumzi. Yeye akaishusha chupa taratibu. Hakunijibu kwa ukali, na ingekuwa afadhali angenijibu. Alisema kwa Kiingereza chake, polepole, na mimi nayaandika kwa lugha yangu kwa sababu kwa ile yake siwezi kuyarudia.

"Ningejuaje, Mama? Wewe hunukii chochote. Nilipokuwa mdogo, ukiwa kazini, nilikuwa naingia kitandani kwako nalalia mto wako ili nikunuse. Hakukuwa na kitu."

Nikakaa kwenye ukingo wa hodhi.

Kuna jambo sijalisema. Nilipohamia huku mama alinipa kopo la singo, alilolitwanga mwenyewe mikono ikiwa imeshaanza kumuuma. Aliniambia hilo si langu, ni la mjukuu wake, nimtunzie mpaka atakapokuwa mwari. Siku ile niliyotoka ofisini kwa meneja nililifungua, nikaogopa jinsi lilivyojaa chumba kizima, nikatoka nje nikalitumbukiza kwenye pipa la taka lenye kifuniko chekundu. Meneja hakuniambia nifanye hivyo. Hakujua hata kama kopo lipo. Mama alifariki miaka miwili baadaye, na mpaka anafariki nilikuwa namwambia kwenye simu kwamba kopo lake liko salama.

"Geuka," nikamwambia mwanangu.

Akageuka. Nikashusha ukosi wa sweta yake ya shule, nikakung'uta chupa kiganjani mpaka tone la mwisho, nikampaka shingoni na nyuma ya masikio. Nilimpaka hayo ya theluji, maana singo ya bibi yake, iliyokuwa haki yake, niliitupa kwa mkono wangu huuhuu.