Mkono wa Fundi Mstari

Mtu akikwambia Fundi Mstari aliingia kwenye kompyuta kwa kupenda usasa, mkatize hapo hapo. Aliingia kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, na alikuwa radhi kuzikwa na siri hiyo kuliko kuona watu wa mtaa wake wanaijua.

Kazi yake ilikuwa kuandika mabango. Miaka thelathini na moja aliandika kuta za maduka, milango ya malori, vibao vya vinyozi na vya mafundi viatu, na jina la Mstari alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu alikuwa anavuta mstari wa mita mbili bila rula huku anabishana na mtu kuhusu mpira, na ukija na rula yako kumpima, unaondoka umenywea. Lakini sifa kubwa aliipata kwenye vioo. Kioo cha duka huandikwa kwa ndani, ili mvua na viganja vya wateja visiifute rangi. Kwa hiyo mwandishi anasimama ndani na kuandika kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi imegeuzwa, ili aliye nje asome sawasawa. Wenzake walikuwa wanachora kwanza kwenye karatasi, wanaigeuza, wanaipiga tochi kwa nyuma, wanapoteza nusu siku. Yeye alikuwa anaingia na brashi yake na kuandika moja kwa moja, na watu walisimama nje kumtazama.

Mkono ulianza kumsaliti siku alipokuwa juu ya ngazi, kwenye ukuta wa shule. Alikuwa anamalizia herufi ya mwisho, brashi ikacheza yenyewe. Alidhani ni uchovu. Wiki iliyofuata ilicheza tena, na mwezi uliofuata mkono haukungoja tena ashike brashi. Alikwenda hospitali ya mbali, ambako hakuna anayemjua, na daktari akamwambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba hautapona ila unaweza kutulizwa, na kwamba arudi baada ya wiki mbili aanzishiwe dawa. Hakurudi. Alijiambia kwamba akianza kunywa dawa za ugonjwa huo atakuwa amekubali kuwa anao. Ujinga gani huu, utauliza, na hata yeye alijua ni ujinga, lakini hofu ilimshinda.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa karani katika ofisi ya ardhi na alikuwa na kompyuta mpakato ya zamani. Huyo alikuwa amemwambia mara nyingi, "Shemeji, mabango siku hizi yanachorwa kwenye kompyuta, yanakatwa na mashine. Utabaki peke yako na makopo yako." Mstari alikuwa anamcheka. Sasa alimfuata Jumamosi mchana, kofia mkononi.

"Nataka kwenda na wakati," akamwambia.

"Wewe?" Shemeji akamtazama kutoka juu hadi chini. "Haya, kaa."

Shughuli ilianzia kwenye nenosiri. Lisipungue herufi nane, liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Mstari aliuliza kama anafungua akaunti au anafungua hazina ya serikali. Alilisahau mara tatu katika wiki moja, na mara ya nne shemeji akaliandika nyuma ya kalenda kwa kalamu ya wino.

Kisha wakafungua blogu. Shemeji alisema fundi asiyeonekana mtandaoni ni sawa na aliyefunga duka, kwa hiyo Mstari akapiga picha mabango yake yaliyokuwa bado hayajafutwa na kuandika chini ya kila picha mwaka na aina ya rangi. Sentensi sita zilimchukua saa mbili, kwa kidole kimoja. Pembeni palikuwa na sehemu ya kuonyesha idadi ya wasomaji, na baada ya siku kumi ilisema watatu. Mmoja alikuwa shemeji. Wawili walikuwa yeye mwenyewe, mara moja kwa kompyuta na mara moja kwa simu ya mkewe.

Siku ya somo la usanifu ndiyo aliyoingojea roho juu juu. Kipanya kilipocheza chini ya mkono wa kulia, alikihamishia kushoto upesi.

"Tangu lini unatumia kushoto?" shemeji akauliza.

"Nimesoma mahali kwamba kompyuta inataka kushoto."

"Umesoma wapi?"

"Shemeji, fundisha."

Akamwonyesha chombo cha kuvutia mistari. Unabonyeza hapa, unabonyeza pale, kati yake mstari unajichora wenyewe. Mstari alibonyeza. Akajaribu tena kwa mkono wa kulia, ule mbovu, unaotetemeka, na mstari ukatoka umenyooka vilevile, mweusi, bila hata wasiwasi mmoja. Machozi yalimlenga. Akasema ana vumbi jichoni na kwenda kunawa uso, na huko bafuni alicheka peke yake mpaka shemeji akagonga mlango kuuliza kulikoni.

Kuandika msimbo, ile lugha ya kompyuta ya kujengea kurasa za mtandaoni, hilo lilimshinda kabisa, na afadhali tuseme ukweli. Kulikuwa na somo la bure mtandaoni lililomtaka aandike kichwa cha habari chekundu. Mtu aliyechanganya wekundu wa kila aina kwa jicho tu, leo anaambiwa wekundu ni tarakimu na herufi sita nyuma ya alama ya reli. Aliziandika. Akasahau kufunga alama moja, na ukurasa mzima ukawa mweupe, hakuna kichwa, hakuna habari. Aliitafuta alama hiyo mchana mzima, na ilipofika saa kumi na moja akaifunga kompyuta kwa kishindo na kukaa nayo mapajani akihema. Hasira haikuwa ya alama. Alikuwa na miaka hamsini na tano na anajifunza kusoma upya, na muda hana.

Basi ndipo ikaja kazi ya mfamasia. Huyu mama alikuwa anafungua duka la dawa kwenye kona, mlango wake wote wa kioo, na alitaka jina la duka, saa za kazi na namba ya leseni. Mkaguzi wa leseni alikuwa aje siku ya ufunguzi, saa nne asubuhi, na maandishi yasipoonekana mlangoni duka halifunguliwi.

"Nataka mkono wako, fundi," mfamasia akamwambia.

"Safari hii nitakuchorea kwa kompyuta, dada. Inakatwa stika, inabandikwa ndani ya kioo. Inadumu kuliko rangi."

Alijua hii ndiyo kufa kupona yake. Kazi hii ikitoka vizuri, mtaa mzima utasema Mstari kahamia kwenye mashine, na hakuna atakayeuliza tena brashi iko wapi. Shemeji alikuwa amesafiri kikazi wiki hiyo, akamwachia kompyuta na ufunguo wa sebule. Mstari alifanya kazi siku nne. Alichagua umbo la herufi, akapanga nafasi, na kila alipotazama aliona kazi safi. Halafu akafanya kile ambacho fundi yeyote wa vioo angefanya. Kioo ni cha kuandikwa kwa ndani, kwa hiyo aligeuza kila herufi, moja moja, herufi na tarakimu arobaini na saba, akazipanga upya kutoka kulia kwenda kushoto. Kitufe cha kugeuza zote kwa mara moja kilikuwepo hapo hapo, lakini nani angemwonyesha? Ilimchukua siku mbili nzima. Akamtumia kazi hiyo kwa barua pepe mama wa stika, mwenye mashine ya kuzikata, akamwandikia: "Ni ya ndani ya kioo." Usiku huo alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Siku ya ufunguzi alfajiri, mbandikaji wa mama wa stika alikuja, akasimama ndani ya duka, akabandika, akasoma, akaona iko sawa, akaenda zake. Saa tatu Mstari akafika na mkewe, Mama Pacha, aliyevaa gauni lake la sherehe. Wageni walikuwa wamesimama barabarani na wengine walikuwa wanacheka.

"Fundi," mfamasia akasema, mikono kiunoni, "njoo usome."

Mstari akasoma. Aliona jina la duka, saa za kazi, namba ya leseni, kila kitu kipo, na hakuelewa watu wanacheka nini. Kwa macho yake, baada ya miaka thelathini na moja, herufi zilizogeuka na zisizogeuka zilikuwa mamoja. Ilibidi mtoto wa mgeni mmoja alalamike kwamba herufi zote zimegeuka nyuma mbele, hawezi kusoma, ndipo damu ikamwishia usoni.

Akampigia mama wa stika.

"Si uliniandikia ni ya ndani?" mama wa stika akasema. "Nikachagua ya ndani. Mashine inageuza yenyewe, fundi."

"Na mimi niligeuza."

"Uligeuza? Basi zimegeuzwa mara mbili! Nani alikutuma ugeuze?"

Nyingine haiwezekani kabla ya jioni, akasema, foleni imejaa. Mstari alipokata simu alikuta mfamasia keshaanza kuibandua ile stika kwa kucha, na hana hasira, anatabasamu.

"Mbona umepauka hivyo? Wewe si ndiye Mstari? Chukua brashi uandike. Saa moja inakutosha na kubaki."

"Rangi sina hapa, dada."

"Ninayo mimi!" akadakia kinyozi wa duka la pili, na kabla Mstari hajameza mate, kopo la rangi nyeupe na brashi mpya vilikuwa miguuni pake. Watu wakasogea karibu. Wengine hawakuwa wamemwona akiandika kioo kwa muda mrefu, na walikuwa na hamu. Mama Pacha alijipenyeza mpaka mbele, akamshikia koti lake, uso umejaa fahari.

Aliingia ndani, akasimama nyuma ya kioo. Aliwaona wote upande wa pili wakimtazama. Alipiga moyo konde, akachovya, akauinua mkono. Alijaribu kuushika kwa mkono wa kushoto, akajifanya anakunja shati. Brashi iligusa kioo, na herufi ya kwanza ikatoka imevunjika mara tatu, rangi ikachuruzika mpaka sakafuni. Akafuta kwa kitambaa. Akajaribu tena. Safari hii brashi ilipiga kioo tap-tap-tap, na sauti ile ilisikika mpaka nje.

Kisha kinyozi, ambaye hana ubaya ila hana breki, akapaza sauti: "Mstari! Jana ulikesha wapi? Naona chupa hazijakuachia bado!"

Kicheko kikalipuka. Mstari akasimama na brashi yake, na wakati ule wa kicheko akili yake ilikimbia kuliko ilivyowahi kukimbia. Mlevi analala, anaamka mzima. Mlevi husimangwa leo, kesho anaitwa kazini. Mwandishi wa mabango asiye na mkono haitwi na mtu yeyote. Na huyu ni mtu ambaye hajawahi kuonja pombe, anayesoma kibandiko cha dawa ya kikohozi kabla ya kuimeza, asije akalewa kwa bahati mbaya.

Akatoka mlangoni, akacheka nao.

"Ndiyo," akasema kwa sauti. "Nimelewa. Tangu jana. Nisameheni, jamani."

Mfamasia hakucheka. Hakuwa akimtazama usoni, alikuwa akiutazama mkono uliokuwa bado unacheza ubavuni pake, na alitazama muda mrefu.

"Ni pombe, fundi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ni pombe, dada."

"Basi nenda nyumbani. Kesho njoo tuongee. Usikose, nakuomba."

Mfamasia aliandika mwenyewe maandishi yake kwenye kipande cha katoni na kukibandika mlangoni, na mkaguzi alipokuja alikunja uso, akampa wiki moja. Duka likafunguliwa. Mstari hakuyaona hayo, kwa kuwa alikuwa njiani na Mama Pacha, ambaye alitembea hatua tatu mbele yake, koti la mumewe mkononi. Nyuma yao kinyozi aliwapungia. Mstari akapepesuka kidogo, akagonga bega kwenye ukuta, ili kazi iwe kamili.

Walipofika, Mama Pacha akafunga mlango, akashusha pazia, akalitua koti juu ya kiti. Akamsogelea mpaka pua zao zikakaribia kugusana.

"Nipumulie."

"Mama Pacha, tulia kwanza..."

"Nipumulie, nimesema."

Akapumua. Mama Pacha akaivuta ile pumzi, akafumba macho, akavuta tena. Ilikuwa chai, ile aliyompikia yeye mwenyewe asubuhi. Akaushika mkono wa kulia wa mumewe kwa mikono yake miwili na kuubana kwa nguvu zake zote, na ndani ya viganja vyake ukaendelea kutetemeka.

"Njia nzima nilikuwa naomba," akasema, na sauti ikamkatika. "Nilikuwa naomba iwe pombe."