Gari la Shule Halifiki Ihanda

Binti yangu aliponiletea mwanawe wa miaka minne Desemba ile, alimleta pamoja na maji. Si maji ya kunywa njiani, hayo ningeyaelewa, maana safari ya Dar es Salaam hadi Karagwe si ya kwenda gengeni. Alileta katoni nzima ya chupa, ikapakiwa kwenye bodaboda kutoka Kayanga na kufungwa kwa mipira, ikafika kwangu Ihanda kabla ya mtoto mwenyewe. Nikamwuliza, sisi huku tunakunywa nini, matope? Akasema, "Mama, tumbo lake halijazoea." Tumbo la mtoto ambaye mama yake alikunywa maji ya chemchemi iliyo chini ya migomba hii hii, na akakua mpaka akapata akili ya kuidharau!

Maji yalipokwisha kushushwa yakafuata maagizo. Asile chakula kilicholala. Asitembee peku. Apakwe mafuta ya mbu, ingawa mbu wa kwetu na baridi hii ni wa kuhesabu. Kile kishikwambi chake cha katuni apewe anapokula tu, la sivyo hatameza. Nikasema subiri kwanza, mtoto asipoangalia katuni hamezi? Koo lake linafunguliwa na betri? Binti yangu akaguna, akaendelea kupanga soksi.

Halafu akatoa kabrasha la kazi za likizo. Mimi nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, nimestaafu nikiwa na chaki ya kutosha mapafuni, na sijawahi kuona mtoto ambaye hajang'oka hata jino moja anapewa kazi ya kwenda kufanya likizo. Nililitia chini ya gunia la maharage na huko ndiko lilikokaa. Akanionyesha na picha kwenye simu: mjukuu wangu kavaa joho jeusi na kofia ya pembe nne, kashika karatasi iliyofungwa utepe. Nikauliza amehitimu nini. Bebi klasi, akasema. Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya baraza. Wazazi walichangishwa hela ya joho, ya keki na ya mpiga picha ili mtoto apongezwe kwa kujua kwenda chooni.

Jirani yangu, mzee anayeimba besi katika kwaya yetu ya Kilutheri, alipita kusalimia siku hiyo. Mtoto akamwamkia kwa Kiingereza. Mzee wa watu alifurahi kana kwamba kabarikiwa na askofu. "Mawe!" akamaka kwa lugha ya kwetu. "Huyu atakuwa mkubwa serikalini, waitu!" Nikamwambia mtoto asiyejua kumpa mzee shikamoo hajafundishwa, hata angesema Kilatini. Jirani akanitazama kwa huruma, kama watu wanavyomtazama mwalimu mstaafu.

Binti yangu alilala kwangu mara mbili tu, akarudi. Ni mhasibu wa mauzo kwenye duka kubwa la watu huko mjini, na Desemba ndiyo wenye duka wanawakamua. Msichana wake wa kazi alikwenda kwao kula Krismasi, shule ilikuwa imefungwa, baba wa mtoto yuko migodini Geita na nyumbani huonekana mwisho wa mwezi. Ndiyo maana nililetewa mjukuu. Wangekuwa na mahali pengine pa kumweka, nisingemwona. Nililijua hilo na liliniuma, na aliponiaga nilimwambia hivyo hivyo.

Alfajiri iliyofuata nilisikia kiti kinaburutwa. Nje giza tupu, hata jogoo hajawika. Nikawasha tochi. Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa mbele, kavaa sweta nje ndani, viatu miguu si yake, begi la shule mgongoni. Kajivika mwenyewe gizani. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Nasubiri, Bibi."

"Unasubiri nini?"

Akafikiri kidogo. "Gari."

Nikambeba, nikamrudisha kitandani. Alikuwa baridi mwili mzima. Siku ya pili nikamkuta pale pale. Siku ya tatu vile vile, safari hii kachukua na kitenge changu kwenye kamba, kajifunika. Hapo nikampigia simu mama yake anieleze wanamfanyia nini mtoto huyu.

Akanieleza bila haya. Gari la shule linapita kwao saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu linazunguka nusu ya mji kuokota watoto kabla ya foleni. Kwa hiyo wanaamka saa kumi. Mtoto analala tena ndani ya gari, anafika shule amekunjamana, anarudi jioni na gari lile lile, anakabidhiwa kwa msichana wa kazi, anakula, analala. Mama mtu anatoka dukani usiku, naye anatumia saa nzima na zaidi barabarani. Anamkuta kalala.

"Yaani wewe mwanao unamfahamu akiwa amelala," nikasema.

"Asubuhi namwandaa mwenyewe, Mama."

"Kumwandaa! Kama gunia la kahawa linalosubiri lori."

Akasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikamwuliza, na mimi nilizaa nini, viazi?

Basi nikaamua kumponya mtoto. Usiku nilifunga komeo la juu, ambalo mkono wake haulifikii. Alfajiri ya kwanza alilia mlangoni, si kwa kelele, kile kilio cha puani ambacho watoto wa darasa la kwanza hulia wiki ya kwanza. Nimewasikia wengi na wote walikoma. Huyu naye alikoma. Baada ya siku chache hakushuka tena kitandani. Nilipokwenda kumchungulia nilimkuta kalala chali, macho wazi, ametulia. Nikasema, unaona? Mtoto akipumzishwa, mwili wenyewe unasahau ushenzi wa mjini. Nikampigia mama yake kumjulisha kwamba nimefaulu pale ambapo yeye na shule yake ya ada nono walishindwa.

Na mchana kweli alichanua, tusidanganyane. Viatu vilikaa chini ya kitanda. Zile chupa za maji nilimpa jirani, akawa anawawekea wageni mezani kwa fahari. Mtoto alikunywa maji yangu yaliyochemshwa, akala ndizi na maharage bila katuni yoyote, na koo lake likafunguka lenyewe. Choo cha shimo kilimtisha siku mbili, ya tatu akawa anakwenda akiimba. Senene walipoanguka, watoto wa jirani wakaja naye wamejaza kopo, akanyonyoa mabawa pamoja nao, nikawakaanga, akala kiganja kizima. Alipindua kahawa yangu kwenye turubai uani kwa miguu yake mwenyewe. Kila jioni nilimpigia mama yake kumpa taarifa, na kila taarifa niliiwekea chumvi kidogo ya dharau. Amekula senene, mwambie mwalimu wake wa bebi klasi. Amekimbia nje kutwa nzima na hakuna aliyemdai ada.

Kitu kimoja tu hakikubadilika. Hakuwa msemaji. Ndiyo, Bibi. Hapana, Bibi. Nimeshiba, Bibi. Hilo nalo nililitia kwenye hesabu ya mjini: mtoto anayefungiwa ghorofani na kioo cha kishikwambi atajifunza kuongea na nani?

Krismasi ilipopita nikaanza kusema nilichokuwa nimekikusudia tangu siku ya sweta nje ndani. Mtoto abaki kwangu. Hapa kanisani kuna chekechea, watoto wanakwenda kwa miguu jua likiwa limetoka, wanarudi mchana kula. Akifika umri wa darasa la kwanza tutazungumza. Binti yangu akakataa. Nikasema tena kesho yake. Akakataa, lakini sauti ilikuwa chini. Nilimfundisha mwenyewe darasa la pili, nazijua sauti zake. Nikaendelea kila jioni. Nilimwambia hata kuku wa kisasa wanawashiwa taa ili wale, siyo ili wapandishwe gari. Nilimwambia mama ni kulea, si kuzaa na kulipa ada. Nilimwambia mtoto hamwulizii kabisa. Hilo lilikuwa kweli, hakuwa akimwulizia. Siku hiyo alikata simu.

Januari akaja kumchukua, shule zikikaribia kufunguliwa. Alifika jioni, amechoka, uso mdogo. "Shikamoo Mama." "Marahaba." Mtoto alimrukia shingoni, akagoma kushuka, akala akiwa amepakatwa. Ndipo nikaliona lile begi kubwa lililokuja naye. Mtu anayekuja kuchukua mtoto haji na begi kubwa. Akalifungua mbele yangu: nguo zote za mwanawe, masweta, mashuka yake, hata mto wake.

"Nimekubali, Mama," akasema mtoto aliposinzia. "Huenda ni kweli simlei. Abaki. Mimi nitaondoka baada ya siku tatu."

Nilishinda. Sitajifanya sikufurahi. Nilimwambia amefanya la maana, nikamwongezea supu ya kuku niliyemchinja. Nikaingia chumbani nikipanga mtoto atalala upande gani wa dirisha, na nani atamshonea sare ya chekechea. Nililala usingizi wa mtu aliyekwisha kuvuna.

Kulikuwa bado giza nilipoamshwa na maneno. Mtu alikuwa akiongea nje, kwa kasi, bila kuvuta pumzi, nami sikuitambua sauti. Nikatoka polepole. Komeo la juu lilikuwa limefunguliwa, mlango umerudishwa tu. Nikachungulia penye uwazi.

Walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya baraza, binti yangu na mwanawe, wamejifunika kitenge kimoja, miguu ya mtoto iko mapajani mwa mama yake. Walikuwa wanagawana yai la kuchemsha. Mtoto kavaa viatu na begi mgongoni. Na alikuwa anaongea. Yule mjukuu wangu wa ndiyo Bibi, hapana Bibi! Alieleza senene wanavyorukaruka ndani ya kopo. Alieleza shimo la choo lina kina gani. Alieleza ndama wa jirani, na mzee anayeimba kama pikipiki, na kahawa inavyochoma nyayo saa za mchana. Kila alichokiona kwangu kwa wiki zile zote alikuwa amekiweka, hajanipa mimi hata kimoja. Mama yake akicheka, naye anaongeza. Wakati mwingine binti yangu alisema, "Enhe, halafu?" kama mtu aliyezoea kuuliza hivyo kila siku, mahali hapo hapo pa hadithi, kabla honi haijalia.

Nikaelewa, na nilitamani nisingeelewa. Saa ile ya giza ambayo nilikuwa nimeitukana mwezi mzima ndiyo saa waliyokuwa nayo. Hawakuwa na nyingine.

Kisha mtoto akasema, "Huku nilikuja mlangoni, hukuja."

"Nilikuwa Dar, baba."

"Nikaja tena. Bibi akafunga juu." Alisema bila kushtaki, kama alivyoeleza habari za ndama. "Basi nikawa nakusubiri kitandani. Kimya kimya, Bibi asisikie."

Binti yangu akaweka kidevu chake juu ya kichwa cha mtoto.

"Na kesho tutasubiri?"

"Kesho, ndiyo."

"Na kesho yake?"

Kesho yake ndiyo siku ya basi lake la kurudi mjini. Mabega ya binti yangu yakaanza kutikisika chini ya kitenge. Nikausukuma mlango.

"Unalia nini barazani kwangu usiku wote huu?" nikasema. "Unataka majirani waseme kuna msiba? Mchukue mtoto wako mwende naye. Mimi ni mtu mzima, siwezi kuamshwa saa kumi kila siku ya Mungu kwa ajili ya watu wanaokula mayai gizani. Na lile begi lifungeni. Nisikute hata soksi yake humu ndani."

Akageuka, uso umelowa. "Mama, si ulisema—"

"Nimesema mangapi mimi? Hujaniona nikisema?"

Akaendelea kunitazama. Najua aliona macho yangu yamelowa, kwa sababu aliinama haraka akajifanya anamfunga mtoto kamba za viatu, viatu ambavyo havina kamba. Mtoto yeye alinitazama kwa adabu, kama mwenyeji anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Halafu akasogea kumwelekea mama yake, akapigapiga ile nafasi iliyobaki kwenye ngazi.

"Kaa, Bibi. Gari bado."

Nikakaa. Hakuna gari la shule linalofika Ihanda, wala halitafika, na asubuhi ile niliomba kwa moyo wangu wote lichelewe.