Mwaka Niliomnyima Mama Chumvi

Baba alikufa kwa kiharusi mwaka uleule tulioshushwa kutoka milima ya Vidunda na kupewa kiwanja katika kijiji cha ujamaa upande wa Zombo. Alianguka shambani akiwa na jembe mkononi, na hakusema neno tena. Watu walisema amepigwa na upepo mbaya wa bondeni. Tukabaki wawili, mama na mimi.

Kwa hiyo mama alipoanza kulalamika kichwa na kuyumba akitoka kisimani, sikungoja. Tulipanda lori la pamba hadi hospitali ya Kilosa. Daktari alimfunga mpira mkononi, akapima, akapima tena.

"Mama, presha yako imepanda sana," alisema. "Vidonge nilivyonavyo ni vichache, na vikiisha sijui vingine vitakuja lini. Punguza chumvi. Ng'onda, samaki wale wakavu wa chumvi, acha kabisa. Na magadi ya kwenye mlenda usitie, hayo nayo ni kama chumvi." Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye unayepika?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi mzigo huu ni wako."

Nilirudi nao huo mzigo, na siku ileile nikaificha chumvi yote. Nilipika majani ya kunde bila hata punje. Mama alimega tonge, akachovya, akatafuna polepole, halafu akalitema kiganjani.

"Umepika nini hiki?"

"Mboga, mama. Daktari kasema."

"Mlima wameninyang'anya. Baba yako kaondoka. Sasa na chumvi?" Akasukuma sahani, akajilaza ameelekea ukutani.

Nilidhani njaa itamlainisha. Haikumlainisha. Alikunywa uji kidogo asubuhi, basi. Mashavu yakabonyea, kanga ikawa inamdondoka kiunoni. Vidonge vikaisha. Nilikwenda zahanati ya kijiji kuuliza, nikaambiwa hakuna. Nikarudi tena, hakuna. Kisimani wanawake walinyamaza nilipofika, na mmoja akasema kwa sauti nisikie, "Wengine wanaua wazazi wao kwa njaa, nyumba warithi."

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alishuka kutoka mlimani, ambako wao walikuwa hawajahamishwa bado, kuja kumwona. Alipomkuta amekonda vile hata salamu yangu hakuitikia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Shikamoo ya nini? Dada yangu anakufa!" Akafungua kapu, akatoa ng'onda, akaibanika mwenyewe. Harufu ilijaa nyumba nzima. Mama aliinuka na kula kama mtoto aliyepotea porini, akilamba vidole, na mimi nimesimama mlangoni nalia. Nikimzuia, atakufa kwa njaa. Nikimwacha, ataanguka kama baba. Sikuona njia ya tatu.

Nilikimbia tena zahanati, safari hii sikuomba dawa. Nesi alikuwa anafagia. Nilimweleza yote.

"Nani kakwambia uiondoe yote kwa mara moja?" aliuliza kwa upole. "Ulimi haukubali hivyo. Punguza leo kidogo, wiki ijayo kidogo. Kamulia ndimu, zidisha nyanya na kitunguu, unga mboga kwa karanga. Na wewe kula chakula hichohicho. Usimpikie kama mgonjwa."

Nilimwita mama mdogo jikoni nikamwambia aliyoyasema nesi. Alisikiliza akiwa amekunja uso. Nikamkumbusha jinsi shemeji yake, yaani baba, alivyokuwa akinyunyizia chumvi mbichi juu ya mboga iliyokwisha kuiva. Alifunga ng'onda iliyobaki, akaondoka nayo.

Mama akaanza kula. Si kwa raha. Alikula akinitazama, kila tonge kama ananikopesha. Lakini alikula, na mimi nilikula naye chakula kilekile kilichopooza, mpaka siku moja akasema karanga zimekolea.

Kabla mavuno hayajaisha, mdomo wake ulipinda akiwa anapepeta mpunga. Ungo ulianguka. Alijaribu kuniita, sauti ikatoka kama ya mtu mwenye maji kinywani. Majirani walewale wa kisimani walimbeba juu ya kitanda hadi barabarani, na safari nzima ya lori nilimshika kichwa nikimwomba Mungu asimchukue na yeye. Nilikuwa nimechelewa, niliwaza. Nimemtesa bure.

Daktari yuleyule alimpokea. Mama hakufa. Mkono wa kulia haukurudi kamwe, na maneno mengine yalimpotea, ya Kiswahili kwanza. Lugha ya nyumbani ilibaki. Nilimuuliza daktari kama kupunguza chumvi kulisaidia chochote. Alisema presha ilikuwa imeshamkaa mwilini miaka mingi, hawezi kujua, ila nisiache.

Sikuacha. Nilimlisha kwa mkono wangu miaka iliyobaki, mboga za ndimu na karanga. Jioni nyingine alifumba mdomo, akageuza uso ukutani, nami nikakaa na tonge mkononi hadi likapoa, nikisubiri afungue.