Kibofu cha Mtoto wa Ngujini

Siku yangu ya kwanza kazini sikuiona mashine ya eksirei hata kidogo. Msimamizi wa chumba cha picha, Mhindi mmoja mfupi aliyevaa tai hata katika joto la Tanga, alinifungia kwenye chumba cha giza na kuniamuru nikae humo mpaka niweze kutofautisha kwa vidole beseni la dawa ya kusafishia filamu na beseni la maji. Nilipotoka macho yalikuwa yananiuma. Akaniuliza, "Umeona nini?" Nikamwambia sikuona kitu. "Vizuri," akasema. "Wengi huanza kazi hii wakidhani wanaona."

Nilimchukia mwaka mzima, kisha nikamshukuru maisha yangu yote. Yeye ndiye aliyenifundisha kumlaza mgonjwa bila kumtia hofu, kuvaa aproni nzito ya madini ya risasi, ya kukinga miale, hata kama shingo inauma, na kutoamini sana kazi ya mikono yangu. Alipenda kusema kwamba picha ya eksirei ni kivuli tu. Mfupa hutoa kivuli cheupe, hewa hutoa cheusi, na nyama laini zote hufanana. "Kivuli cha mtu hakikwambii kama ana njaa," aliniambia siku moja, nami nikaona ananizungusha tu.

Baadaye nilihamishiwa karibu na nyumbani, kwenye hospitali moja chini ya milima ya Upare, upande wa Same. Sitaitaja jina. Mashine yetu iliendeshwa kwa jenereta, na vumbi la tambarare liliingia kila mahali. Nilipiga picha za vifua vya wakata mkonge, miguu ya wafugaji wa Kisiwani waliokanyagwa na ng'ombe, na mikono ya watoto wa milimani walioanguka mitini. Mkubwa wangu sasa alikuwa Bwana Mganga Mkuu, Mwingereza mrefu, mtu wa haki na mwenye haraka. Kiswahili alikijua vizuri kuliko wazungu wote niliofanya nao kazi, na alijivunia jambo hilo. Hakutaka mkalimani. Nasema haya ili msije mkadhani alikuwa mtu mbaya.

Miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, aliletwa kwetu mtoto wa kike aitwaye Nakundwa, aliyekuwa ameanza kuota meno ya ukubwani. Alikojoa damu. Baba yake, mkulima wa Ngujini huko Ugweno, mzee wa kanisa, alikuwa amembeba mgongoni kushuka mlima mpaka barabarani. Bwana Mganga alimpokea kwa heshima, akamuuliza habari za ugonjwa, kisha akauliza, "Kwao wapi?"

"Ngujini, Bwana Daktari," alijibu yule baba. Akataja na ukoo wake, na kilima chao, na jinsi babu zake walivyofyeka msitu wa pale.

Nilikuwa nimesimama pale pale na filamu mkononi. Sikusikia kasoro yoyote. Mpare ukimuuliza kwao atakutajia mahali walipozikwa babu zake, hata kama hajalala huko tangu utoto. Mimi mwenyewe ningejibu hivyo hivyo.

Kwa daktari, jibu lile lilikuwa na uzito. Damu kwenye mkojo wa mtoto wa tambarare, kule kwenye mifereji ya mpunga, karibu kila mara ilikuwa kichocho. Kichocho huvimbisha ukuta wa kibofu, lakini ni uvimbe usioua haraka, na ulitibiwa kwa sindano. Ngujini maji ni ya baridi na yanateremka kwa kasi, na kichocho hakikujulikana huko. Mkojo ulipimwa mara moja tu, asubuhi, ingawa mayai ya kichocho hutoka zaidi adhuhuri. Ulikuwa umejaa damu, na mayai ya kichocho hayakuonekana.

Basi nikaamriwa nipige picha ya kibofu. Kwa kuwa kibofu ni nyama laini, hakionekani chenyewe. Tuliingiza mpira mwembamba katika njia ya mkojo, tukakijaza dawa isiyopitisha miale, ili kitokee cheupe kwenye filamu. Nakundwa alinishika kidole gumba wakati wote huo, wala hakulia. Nikamwambia avute pumzi na kuizuia, akaizuia hata baada ya kumaliza, mpaka nikamkumbusha apumue.

Filamu ilitoka safi. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa jinsi ilivyotoka safi. Kibofu kilikuwa cheupe, na upande mmoja palikuwa na pengo jeusi lenye vifundo vifundo, mahali ambapo dawa haikuingia kwa sababu kitu kilikuwa kimeota pale. Bwana Mganga aliiangalia kwenye mwanga kwa muda mrefu. Aliutafuta mstari wa chokaa ambao kichocho cha miaka mingi huuacha kwenye ukuta wa kibofu. Haukuwapo. Hatukukumbuka kwamba kichocho kichanga hakina chokaa.

"Yohana," aliniambia, "mtoto wa milimani, vifundo kama zabibu, hakuna chokaa. Hii ni saratani, na saratani ya watoto haisubiri."

Alimpeleka kwenye hospitali kubwa ya mbali, kwa daktari wa upasuaji. Kipande cha nyama kingeweza kukatwa na kutazamwa kwanza kwa darubini, lakini majibu yalikaa wiki nyingi, na barua ya Bwana Mganga ilisema wazi kwamba mtoto hajawahi kuishi penye kichocho. Wakakata. Kibofu chote kilitolewa, na mirija ya figo ikaunganishwa na utumbo mpana, ili mkojo utokee njia ya haja kubwa. Enzi ile hakukuwa na namna nyingine.

Majibu ya darubini yalikuja Nakundwa akiwa ameshapona kidonda. Vile vifundo vilijaa mayai ya kichocho. Saratani haikuwapo hata chembe.

Bwana Mganga hakujificha. Alimwita yule baba ofisini, akampa kiti, nami akanitaka nibaki. Akamweleza yote.

"Kichocho cha huko chini?" aliuliza yule baba.

"Ndiyo, mzee. Lakini Ngujini hakipo."

"Ngujini hakipo. Ila Nakundwa alikaa Kihurio, huko huko chini, misimu miwili ya mpunga. Mama yake mdogo ameolewa na mwalimu wa huko, na Nakundwa alikwenda kumsaidia kulea mtoto."

"Nilikuuliza kwao wapi."

"Uliniuliza, nikakujibu. Kwao ni Ngujini."

 Kisha yule baba akauliza dawa ya kichocho ni nini. Daktari akamwambia ni sindano.

"Sindano tu?"

"Sindano tu. Kosa ni langu, mzee. Niliuliza vibaya."

Baba alitikisa kichwa. "Wewe ni mgeni, Bwana Daktari. Mimi ndiye ninayejua mwanangu alikolala."

Nilimwona Bwana Mganga akigeukia dirishani. Angetukanwa angeweza kustahimili. Hilo la kumwona mzazi analibeba kosa na kupanda nalo mlimani lilimshinda, na mimi lilinishinda. Tangu siku ile aliuliza kila mtoto amelala wapi, ameoga wapi, amechota maji wapi, mpaka wauguzi wakachoka. Sindano za kichocho zilianza kutolewa kwa watoto wa milimani ambao zamani tusingewadhania. Hayo yalikuwa mema, na yalikuja yamechelewa kwa mtu mmoja.

Nakundwa alirudi shule. Alikaa karibu na mlango kwa sababu ya hali yake, na wenzake walimtania mpaka mwalimu alipowanyamazisha. Kila mwaka aliletwa kwangu nipige picha ya figo, maana mkojo unaopita kwenye utumbo hurudisha uchafu juu. "Baba wa picha," alikuwa akiniambia huku amelala mezani, "leo nizuie pumzi au nipumue?" Nami nilicheka, kisha nikaingia chumba cha giza na kuona figo zimetanuka kuliko mwaka uliopita. Niliipenda kazi yangu, lakini picha zile sikuzipenda.

Sasa nimestaafu. Nyinyi mna mashine za mawimbi ya sauti, na mna majina marefu ya kila uvimbe. Vijana huja kunisabahi, na baada ya shikamoo wananiambia siku hizi picha inasema kila kitu. Mimi nimeona kibofu kilichovimba kwa kichocho na kibofu chenye saratani kweli, na nakiri kwamba kwenye filamu niliwahi kuviona vikifanana kama mapacha. Picha ilituambia pana uvimbe, na hilo lilikuwa kweli. Yaliyobaki tulipaswa kuyapata kwa mtu mzima aliyekuwa amekaa mbele yetu, tayari kusema kila tulichotaka kujua.

Mazishi ya Nakundwa nimeyaacha mwisho kwa sababu hata leo ni mazito kuyasema. Figo zilimshinda akiwa msichana mkubwa tayari. Bwana Mganga alikuwa ameshahamishwa, hivyo nilipanda Ngujini peke yangu. Migomba ilikuwa inadondosha ukungu, na watu walijaa hadi njiani. Mwinjilisti alisimama kusoma historia ya marehemu. Akasoma kwamba Nakundwa alizaliwa Ngujini, alibatizwa Ngujini, na aliishi Ngujini siku zake zote.

Baba yake, aliyekuwa ameketi kando ya jeneza, alisimama.

"Alikaa Kihurio misimu miwili," alisema. "Tafadhali, soma tena, na hilo ulitaje."

Mwinjilisti akaanza kusoma upya.