Tangu Fainali Ile ya Upishi, Baba Hali Chakula Changu

Admin, jina langu liweke kando na kijiji pia usikitaje, maana hapa kwetu watu wanajuana hadi kwa rangi ya ng'ombe. Sema tu ni kijana wa upande wa Kericho, si mbali na Kapsoit. Nina miaka ishirini na nane, sijaoa, na baba yangu anakonda kila siku ilhali sufuria yangu imejaa.

Mama aliugua nikiwa nimetoka tu jandoni. Kwetu ukishatahiriwa unaitwa muren, mwanaume kamili, na jikoni si mahali pako tena. Lakini sina dada, na mama hakuweza kuinuka kitandani. Basi alinifundisha kupika kupitia ukutani, yeye amelala upande ule, mimi niko motoni upande huu, ananisikiliza nikisonga ugali. "Ongeza unga," alikuwa akisema, "nasikia mwiko bado unateleza." Baba alirudi kutoka kuchuna majani chai, akakuta chakula mezani, akala. Hakuwahi kuuliza kimepikwa na nani. Alijua, sote watatu tulijua, ikabaki siri ya nyumba. Mama alipofariki niliendelea kupika na baba akaendelea kutouliza.

Mwaka jana nilijaribu bahati katika mashindano ya TV ya watu wanaopika nyumbani tu, wasiosomea upishi. Nikafika fainali. Ilirekodiwa mapema, kwa hivyo Jumapili ilipoonyeshwa nilikuwa huku, na majirani wakatuvuta mimi na baba hadi hoteli ya hapa senta yenye TV kubwa. Baba alijua ni mashindano. Ya nini, hakuuliza, kama kawaida yake.

Nilikuwa nimepika ugali wa wimbi na isagek, mboga yetu ya kienyeji, nikaichemsha kwa maziwa hadi uchungu ukaisha. Jaji mmoja akaniuliza ni nani alinifundisha. Mimi na mdomo wangu nikaeleza yote, kitanda, ukuta, mwiko, na nikasema nimempikia baba tangu nikiwa kijana mdogo hadi leo. Jaji akapangusa machozi.

Nilitoka wa pili, na hapo mjadala ukaanza hotelini. Mmoja akasema nimeibiwa, kwamba kuku wa yule msichana aliyeshinda hana ladha, unaona hata kwa TV. Mwenye hoteli akasema majaji wa Nairobi hawajui isagek, wanadhani ni majani ya ng'ombe. Nilikuwa nimeanza kufurahi. Kisha mzee mmoja wa rika la baba akageuka na kiti chake.

"Boiyot, mzee mwenzangu, kumbe hiyo miaka yote ulikuwa unapikiwa na muren? Na ulikuwa unakula tu?"

Watu wakacheka. Mwingine akaongeza, "Hata ile chai tulikunywa kwako ilikuwa ya kijana?" Sidhani walikuwa na ubaya, kwa sababu kesho yake walikuwa wameshahamia mambo ya mpira. Lakini baba alivaa kofia yake akaondoka, chai yake ikabaki nusu.

Jioni hiyo nilimpakulia. Akaisukuma sahani.

"Mimi sikuli chakula ya muren."

"Baba, si ni ile ile ya siku zote?"

"Ilikuwa ile ile mpaka watu wakajua."

Ndugu zangu, baba ana ugonjwa wa sukari. Daktari alimkataza kumeza dawa tumbo likiwa tupu. Alianza kuishi kwa chai kavu, na siku moja wakamwokota kwenye majani chai akiwa hajitambui. Mchungaji alizungumza naye, akajibiwa kwa heshima na hakuna kilichobadilika. Ndipo nikamwendea Mama Ciku, jirani yetu ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Central. Nikamwomba awe anapeleka chakula changu ndani ya hotpot yake, aseme amepika yeye.

Baba alikula hadi akalamba vidole. Mimi nilikuwa nimeshika jagi la maji ya kunawa. Akaniambia, "Sasa hii ndio chakula. Huyu mama si wa kwetu, lakini mkono wake ni kama wa mama yako. Ukitafuta bibi, tafuta mtu kama huyu, uache kunitia aibu."

Siku moja Mama Ciku alikuwa na msiba, nikaibeba hotpot ile ile mwenyewe. Baba aliangalia mikono yangu, akafunika, akalala njaa. Asubuhi hakuweza kusimama.

Sasa Mama Ciku amechoka. Amesema, "Mwanangu, watu wanasema nataka shamba ya mzee. Na kudanganya mgonjwa nitaelezea Mungu aje?" Simlaumu. Mwisho wa mwezi anahamia kwa binti yake kule Chepilat. Na msiniambie nioe haraka, mke si sufuria ya kuazima.

Jana baba alimaliza sahani, akajipangusa mdomo, akanituma: "Enda umwambie Mama Ciku kongoi sana." Kongoi ni asante kwa lugha yetu. Miaka yote niliyompikia hajawahi kuniambia neno hilo. Nilitoka, nikasimama nyuma ya zizi muda ambao mtu angeutumia kwenda kwa Mama Ciku na kurudi. Nililia kidogo, sitawaficha. Kisha nikaingia nikamwambia nimefikisha.

Nikisema ukweli, baba ataacha kula. Nikinyamaza, mwezi ukiisha ataacha kula vilevile. Kama kuna anayeona njia ambayo mimi siioni, aniandikie hapo chini. Nasoma kila kitu, hata matusi.