Update ilininyamazishia sauti ya marehemu kwenye video ya harusi, na nilipoipata nikakuta nilichokikata mwenyewe

Asalaam aleikum wakuu, na msioitikia salamu hiyo, hamjambo nyote.

Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili kwa muda mrefu, leo nimeona na mimi nifungue uzi. Hili limenikuta mwenyewe, na mahali nilipokosea mimi nitasema nilikosea.

Mimi ni mpiga video wa harusi, niko Ukunda. Ni mwanamke, na kazi yangu kubwa ni shughuli za kina mama: bibi harusi anaposingwa, yaani kusuguliwa liwa ya msandali, anapopambwa, wanawake wanapoimba na kucheza wakiwa vichwa wazi. Huku kwetu mwanamume haingii humo, na kamera yake haiingii vilevile. Shikeni hilo, maana ndilo lililonifanya nihangaike.

Mwezi uliopita alinijia dada mmoja kutoka Msambweni, nitamwita Mwanamkasi. Nilimpigia harusi yake kwao Vanga miaka kama kumi na sita iliyopita, ndiyo kwanza naanza kazi, na kamera ile ya kanda ndogo.

Mama yake, Bi Mejumaa, alifariki mwaka juzi. Sasa mdogo wao wa mwisho, Riziki, alikuwa anaolewa.

"Kwenye DVD yangu mama ananipa nasaha," akaniambia. "Ni maneno machache tu. Nataka Riziki naye ayasikie siku ya kusingwa, awe kama ameolewa na mama yupo."

DVD yenyewe alikuja nayo. Imechubuka, inakwama kila baada ya dakika mbili. Lakini yale maneno alikuwa anayajua kwa moyo, akanitamkia palepale: "Ndoa ni kuvumilia, mwanangu. Vumilia."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hard disk ya kazi zangu za zamani ninayo. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya kusingwa.

Wakuu, hapo ndipo nilipojua kwamba kuwa na faili ni kitu kimoja na kuweza kulifungua ni kitu kingine.

Programu ninayotumia kuhariri sasa nimeifanyia update sijui mara ngapi. Nikajaribu kufungua project ile ya zamani, ikanijibu kwamba imetengenezwa na toleo la kale mno. Haikuniuliza hata kama iibadilishe. Ikakataa tu.

Sikuvunjika moyo. Nikasema project siihitaji, nitachukua clips zenyewe. Zilikuwa AVI, kubwa kubwa, kama zilivyotoka kwenye kanda. Nikaiburuta ya Bi Mejumaa kwenye timeline.

Picha ikaja, safi. Mama wa watu ameketi kwenye mkeka, leso mabegani, anaangalia kamera.

Sauti hakuna. Mstari wa sauti mtupu.

Nikajaribu player mbili zilizokuwa kwenye laptop yangu, ni yale yale. Midomo inakwenda, mikono inakwenda, ukimya.

Lakini kilichonishika si ukimya. Ni urefu wa clip.

Kwenye DVD Bi Mejumaa anasema kwa muda usiofika dakika moja. Clip ilikuwa dakika sita na kitu. Nikakaa nikaitazama yote, kimya hivyo hivyo. Kuna mahali anacheka. Kuna mahali anaacha kucheka kabisa, anaegemea mbele, ananyoosha mkono kuelekea mlangoni. Anafanya hivyo mara mbili.

Anasema nini huyu mama? Na kwa nini mimi, niliyeikata kwa mikono yangu, sikumbuki?

Najua kuna atakayeandika hapo chini "si ungepeleka kwa fundi" au "si ungepandisha mtandaoni ikabadilishwe". Ndugu yangu, kwenye clip hiyo nyuma ya Bi Mejumaa kuna wanawake zaidi ya ishirini, nywele wazi, mabega wazi. Walinikubali ndani kwa sababu waliniamini. Mafundi ninaowajua, Ukunda mpaka Mombasa, wote ni wanaume. Ile ni amana. Sikuwa na ruhusa ya kuwaonyesha hata kwa nia njema.

Basi nikaanza kusoma mwenyewe. Nilijifunza kitu ambacho miaka yote nilikuwa sikijui, nami najiita editor!

Nilidhani AVI ni AVI. Kumbe hilo jina la mwisho ni pakacha tu. Ndani ya pakacha vitu vinaweza kufungwa kwa namna tofauti. Kamera na programu za wakati ule ziliweza kufunga picha na sauti pamoja, furushi moja. Programu yangu ya sasa inatafuta sauti kwenye furushi lake peke yake, haioni kitu, inasema haipo. Ipo! Imekumbatiana na picha.

Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Sauti haikufa. Nilichohitaji ni programu ya zamani inayojua kulifungua furushi hilo.

Ila kompyuta ya zamani nilishaiuza, na programu mpya hairuhusu kurudi nyuma hivyo.

Nikamkumbuka Saumu.

Saumu ndiye aliyenifundisha kazi. Tulipiga harusi pamoja miaka minne, kisha akaacha, sasa ana duka la kudarizi kule Bongwe. Nilimpigia simu kumlilia tu shida zangu, sikuwa na tumaini lolote.

"Laptop ile ile tuliyokuwa tukitumia kuhariri?" akasema. "Iko hapa mbele yangu, inadarizi."

Mashine yake ya kudarizi inaongozwa na programu ambayo haikubali Windows mpya. Kwa hiyo laptop ile hajaigusa. Hajaiunganisha na mtandao, hajaifanyia update, hajafuta kitu kwa kuogopa kuiharibu. Wengine tunahama kila mwaka, yeye mashine ilimkataza kuhama.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Bongwe. Akazima mashine, akafuta vumbi la nyuzi kwenye keyboard, tukaunganisha hard disk. Ile programu ya zamani ilichukua muda kufunguka, mpaka Saumu akaanza kuisomea dua.

Project ikafunguka. Timeline yangu ya miaka kumi na sita iliyopita, yote, na makosa yangu yote.

Tukagawana headphone, sikio moja yeye, moja mimi. Nikabonyeza play.

Bi Mejumaa alianza kwa Kidigo, akimtania binti yake. Kisha akasema yale tunayoyajua: "Ndoa ni kuvumilia, mwanangu. Vumilia."

Hapo ndipo nilipokuwa nimekata, nikaweka wimbo.

Lakini yeye alikuwa hajamaliza. Alivuta pumzi, akaegemea mbele.

"Sasa sikiliza hili, ndilo nililomwitia huyu binti wa kamera anishikie, maana leo kuna kelele hutanisikia. Uvumilivu una mpaka wake. Vumilia shida, vumilia njaa, msaidiane. Lakini mtu akikuinulia mkono, huo si wa kuvumiliwa. Usingoje kukuche. Njoo. Mlango ule pale si wangu, ni wako. Sitakuuliza umekosa nini."

Saumu akatoa headphone sikioni. "Hili ulilikata?"

Nililikata. Nimekumbuka sasa. DVD ilikuwa imejaa, walitaka nyimbo zote ziwemo, nikaona mama anaongea sana. Sikuisikiliza mpaka mwisho. Niliona mahali pazuri pa kukata, nikakata.

Nikatoa sauti ikawa faili lake peke yake, WAV, nikarudi nayo Ukunda, nikailaza chini ya picha. Zikakaa sawasawa, mdomo na neno.

Wakuu, hapo nilikuwa na njia mbili. Mwanamkasi aliniomba yale maneno machache. Ningempa yale tu, safi, akashukuru, mambo yakaisha.

Nilikwenda Msambweni na clip nzima.

Nilimwomba tukae chumbani wawili, nikamwambia kabla ya kuanza: "Dada, kuna maneno ya mama yako nilikunyima. Si kwa kusudi, lakini ni mimi."

Akatazama mpaka mwisho. Hakulia. Akaniambia irudishe nyuma. Ikaenda tena.

"Miaka saba nilikaa na mtu yule," akasema polepole, "na kila akinipiga nilikuwa naiweka DVD hii. Nikisema mama mwenyewe ndiye aliyesema nivumilie."

Niliomba radhi, na nilijua ni ndogo.

Kisha akasema, "Mama alidhani nimesikia. Kila nikienda Vanga alikuwa ananiangalia usoni, haniulizi. Kumbe alikuwa akingoja mimi niseme."

Nilimuuliza Mwanamkasi nimpe Riziki ipi.

"Yote. Usikate hata pumzi."

Ilionyeshwa alasiri ya kusingwa, kina mama peke yao, kwenye TV ya sebuleni. Ilipofika pale pa mlango hakuna aliyepiga kigelegele. Riziki, liwa bado mbichi usoni, akamgeukia dada yake.

"Mama hayupo. Mlango huo sasa ni wa nani?"

"Wangu," Mwanamkasi akasema. "Na sitakuuliza umekosa nini."

Sasa wakuu, nilichojifunza. Kabla ya kukubali update, fungueni kazi zenu za zamani mwone kama bado zinasema. Sauti za watu ziwekeni pia kwenye faili la peke yake. Kompyuta kuukuu msiiuze kwa haraka. Na hili la mwisho ndilo linalonikosesha raha: msikate msichokisikiliza.

Mimi sasa nina kanda na clips za miaka ile, mamia, nazipitia moja moja na kuzisikiliza mpaka mwisho. Nimeshawapigia simu wanawake wawili wengine niliowakatia maneno ya watu wao.

Mwenye kujua njia nyepesi ya kuzifungua AVI hizi bila kuhodhi laptop ya Saumu aniambie, wateja wake wa kudarizi wananilalamikia. Na ninyi mnaohifadhi amana za watu, mnazitunzaje? Nawasikiliza.