Milanzi ya Mama, Lyamkena

Wenzangu wa ofisini Njombe wanapenda nikiwasimulia Makambako ya zamani. Nawaambia kuhusu upepo uliotujaza vumbi machoni tukienda shule, na Lyamkena ilipokuwa bado mashamba ya mahindi, kabla nyumba za wageni na maduka ya vipuri hayajafika mlangoni kwetu. Nikianza kusimulia milanzi ya mama, ile mianzi ya kugema pombe ya ulanzi, naishia katikati na kusingizia kazi. Milanzi ile niliing'oa mimi.

Ilikuwa bondeni, nyuma ya nyumba. Masika mama alishuka alfajiri na kisu, akakata ncha ya kila chipukizi, kipande chembamba kama ukucha, kisha akatundika mbeta, kile kikopo cha mwanzi, utomvu udondokee humo. Jioni alirudia. Ukiruka siku, chipukizi linaziba, na hapo huna lako tena mpaka mwakani. Uliodondoka usiku, asubuhi ulikuwa bado mtamu, haujachacha. Kwetu tunauita mtogwa, hata watoto wanakunywa.

Ulanzi uliochacha mama aliuza, lakini mtogwa hakuuza kamwe. Aliuweka kwenye jagi kibarazani, na kila aliyepita kwenda sokoni alisimama, akasalimia kamwene, akapewa kikombe. Nani kajifungua, nani kafiwa, mtoto wa nani kafaulu, yote mama aliyapata palepale kibarazani, hakuhitaji kwenda kwa mtu.

Mimi nikasoma, nikapata kazi Njombe, nikaanza kujiona. Njombe wakati huo kila mtu alikuwa na miche ya parachichi mahali. Ukienda kunywa chai ni parachichi, ukipanga foleni benki ni parachichi. Nikaona haya kusema kwetu tuna milanzi, kitu cha walevi wa kilabuni. Basi mwanzoni mwa mvua nikaenda Lyamkena, nikamweleza mama kwamba mji umekua, mambo yamebadilika, na bonde lile linakaa bure. Nilimhutubia mama yangu kama vile niko semina.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwanangu, kule chini baridi inalala. Panda huku juu, karibu na jiko."

Nami nikamjibu, na jibu hilo ndilo linaloniamsha usingizini hadi leo:

"Mama, kwani wewe kilimo ulisomea wapi?"

Aliokota kikombe changu cha chai akaenda kukiosha. Wiki iliyofuata nikaleta vibarua, wakang'oa milanzi na mashina yake. Mama hakutazama, alijitanda khanga akaenda kwenye sala za jumuiya, ingawa zilikuwa zimebaki saa mbili nzima sala zianze.

Miche ilishika vizuri. Nikapiga picha, nikawaringishia wenzangu. Ikaja Juni. Asubuhi moja mama alinipigia simu, akauliza afya yangu, akauliza wanangu, akauliza kama na Njombe nako kuna baridi. Hakuongeza kitu. Jumamosi nilipofika nilikuta bonde zima jeusi. Umande ulikuwa umeganda juu ya miche, na majani yote yamekauka kama tumbaku. Karibu na jiko kulikuwa na mche mmoja alioupanda mwenyewe bila kuniambia. Ule ulikuwa mbichi, haujaguswa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Langu halikuvunjika. Mimi nilikuwa na mshahara wangu Njombe. Aliyebaki na bonde tupu ni mkuu mwenyewe.

Kesho yake jumuiya ilisali kwetu. Baada ya sala, jirani yetu, mama mmoja asiyeweza kumeza neno, akauliza mbele ya wote ni nani aliyemshauri mama kung'oa milanzi akapanda parachichi kwenye baridi. Nilikuwa nimeshika sahani ya viazi. Kabla sijainua macho, mama alishajibu:

"Ni mimi. Uzee huu, nikadhani na mimi nitatajirika."

Watu wakacheka, wakambatiza Bibi Parachichi. Yeye akacheka nao. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pia.

Jina likamganda. Analisikia sokoni, analisikia kanisani. Hatujawahi kulizungumzia, yeye na mimi. Kila nikipanda gari kwenda kwetu najiapiza kwamba safari hii nitawaambia watu ukweli, na kila mara narudi Njombe nao kifuani.

Masika iliyopita niliapa hivyo tena. Nilifika asubuhi, nikakuta mlango umerudishiwa na kibarazani hakuna jagi. Kisha nikamwona mama anapandisha kinjia kutoka kwa yule jirani, jagi amelikumbatia kwa mikono miwili lisimwagike. Alikuwa ameenda kuomba mtogwa.

"Nilijua unakuja," aliniambia. "Wewe unaupenda."

Akanimiminia kikombe hadi juu. Jirani alikuwa amesimama kwenye uzio wake, anatutazama, na kwa wema kabisa akapaza sauti:

"Bibi Parachichi, na kesho njoo tena. Usione haya!"

Mama akamshukuru. Kikombe kilikuwa mdomoni mwangu. Nikaendelea kunywa.